Tanki la lita 120: kisa cha familia moja na maji ya gari-nyumba ufukweni Mwanza

Mimi ni fundi, kazi yangu hapa Mwanza ni kufunga na kutengeneza mifumo ya maji kwenye magari ya safari, yale malori ya watalii yanayoingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, na siku hizi hata magari ya Watanzania wenzetu wanaochukua Coaster au Hiace wanaigeuza nyumba, kitanda ndani, jiko ndani, bomba ndani, wanatembea na watoto. Kisa hiki ni cha familia niliyoihudumia mwenyewe. Mama mwenye gari nimemwomba ruhusa akanambia andika fundi, watu wajue, ila usinitaje. Kwaiyo nimetoa majina, rangi ya gari, jina la ufukwe na kituo cha afya walichokwenda. Siku na vipimo nimeviacha kama vilivyo maana ndo vyenye somo.

Familia na gari lao

Watu watano. Baba na mama, mtoto wa kiume miaka 9, binti wa miaka 3, na bibi mzaa baba, mama wa Kisukuma mwenye miaka kama 67 hivi ambaye alikua anarudishwa kwao upande wa Sengerema. Walitoka Dar likizo ya Desemba, wakalala Dodoma, Singida, Shinyanga, wakafika Mwanza, mpango ni kukaa wiki moja ziwani alafu wavuke daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, zile kilomita 3 ambazo zamani ulikua unasubiri kivuko, waende Sengerema na Geita.

Gari ni Coaster ya zamani, wameinunua ikiwa tayari imeshafungwa kila kitu. Chini ya benchi kuna tanki la plastiki la lita 120, pampu ndogo ya volti 12, sinki moja lenye bomba, bomba la kuogea la nje kwa nyuma, na chini ya sinki kuna filta moja ya mkaa ndani ya kopo jeupe. Kuna choo cha kasha, lile unalovuta nje ukamwage na kuosha. Na kuna mpira mmoja wa kijani wa kumwagilia bustani. Huo mpira ukumbukeni.

Kitu kingine ambacho nilikuja kukijua nimechelewa: gari lilikua limepaki Dar tangu Agosti, juani, na tanki lilikua limebaki na maji kidogo chini. Kabla ya safari baba alilijaza, akalimwaga, akalijaza tena. Kwake hiyo ilikua ni kusafisha tanki.

Siku ya 1: walikuja kwangu

Walikuja na shida ya pampu, wanasema inakohoa, ukifungua bomba linatema tema alafu linakata. Nikaangalia nikakuta klampu imelegea upande wa kuvutia, pampu inavuta hewa. Nikakaza, nikabadilisha kipande cha mpira, nikajaribu, maji yakatoka vizuri, wakanilipa. Baba akaniuliza, fundi haya maji ya humu yanafaa kunywa? Nikamjibu hapa mjini maji yametibiwa, ukijaza bombani huna shida. Na kwa upande wa bomba nilikua sahihi kabisa. Lakini aliuliza maji ya HUMU, mimi nikamjibu kuhusu maji ya bomba, na mfuniko wa tanki ulikua hatua moja kutoka magoti yangu sikuufungua. Hilo nitalirudia chini.

Wakajaza Nyegezi kwenye bomba la mjini, lita 120, wakanunua na maji ya dukani madumu matatu makubwa kwa ajili ya kunywa. Wakaenda ufukweni upande wa Ilemela.

Siku ya 2 mpaka ya 5: ufukweni

Mwanzo mambo yalienda vizuri. Maji ya dukani ya kunywa, tanki la kuoshea vyombo, kupigia mswaki, kuogea. Mtoto mkubwa anaogelea ziwani na watoto wa pale mchana kutwa. Wanakula sato wa kukaanga, ugali, kachumbari, juisi ya ukwaju. Kwenye friji ya gari kuna kile kitreyi cha barafu, mama anakijaza kila jioni kutoka bombani pale kwenye sinki, maana barafu kwake haikua "maji ya kunywa". Naomba msimcheke, muulize nyumbani kwako barafu inatengenezwa na maji gani.

Watu watano, lita 120, kuoga nje, vyombo, siku ya 4 asubuhi pampu ikaanza kukohoa tena na safari hii ni kwa sababu tanki limeisha. Mlinzi wa ufukwe, kijana mwema tu, akawaambia kuna simtanki pale nyuma jazeni. Baba akauliza maji ya wapi, kijana akasema wazi, ya ziwani hayo mzee, tunavuta na pampu, sisi tunaogea. Kurudi mjini kwa bomba ni mwendo wa kama saa moja na barabara imenyeshewa usiku, ina tope, na gari limeshafungiwa turubai. Wakaamua wajaze hapohapo, iwe ya kuogea na vyombo, ya kunywa bado wana dumu moja. Usiku wa jana yake mvua ilikua kubwa, maji ya simtanki yalikua na rangi kama chai ya rangi iliyozimuliwa sana, na yana ukijani kidogo.

Mpira wa kijani ukatolewa chini ya gari, ukaunganishwa. Ni mpira ule ule uliosafishia kasha la choo Singida na Shinyanga. Baba aliuosha nje kwa sabuni, kwa ndani maji yalipita tu.

Mama akasema tutie dawa. Alikua na pakiti ya vidonge vya klorini, vile vya kidonge kimoja kwa lita 20. Kwa hesabu ya pakiti lita 120 za maji maangavu ni vidonge 6, na maji yenye tope unaongeza mara mbili, vidonge 12. Alitia 3. Nilimuuliza kwa nini 3, akanieleza vizuri tu, kwamba safari iliyopita walitia 6 mtoto mdogo akakataa hata kuoga kisa harufu, na haya ni ya kuogea, kwaiyo nusu inatosha, kuliko kutotia kabisa.

Siku ya 5 mchana dumu la mwisho likaisha. Sasa ndo mpaka wa "maji ya kunywa" na "maji ya kuogea" ukafutika bila mtu kutangaza. Baba akasema kuna filta chini ya sinki na kuna dawa kwenye tanki, tuchemshe juu kwa juu kwa usalama zaidi, kesho tukienda mjini tunanunua. Mtungi wa gesi ulikua ule mdogo wa kilo 6 na umeshakua mwepesi, kwaiyo alikua anaweka sufuria mpaka maji yanaanza kutoa vipovu vidogo pembeni na mvuke, anazima.

Bibi yeye alikua na utaratibu wake tangu Dar. Asubuhi anachemsha birika lake mpaka mfuniko unaruka, anajaza chupa ya chai, ndo maji yake ya siku nzima. Chai anakunywa, akipiga mswaki wake wa mti anasukutua na yale ya uvuguvugu ya kwenye chupa, michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inachemkia kwenye sufuria muda mrefu. Kachumbari hali, meno hayawezi kitunguu. Barafu hataki hata kuisikia, inamuuma fizi.

Siku ya 6 na ya 7: ugonjwa

Usiku wa siku ya 6 mtoto mkubwa akaanza kutapika. Alfajiri binti wa miaka 3 anaharisha maji maji, mara nne kabla jua halijatoka. Baba naye tumbo likamkamata. Mama tumbo lilisokota ila alisimama. Bibi mzima.

Mama alikua na paketi za ORS kwenye begi, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, hapo nampongeza sana. Akachukua chupa ya lita moja, akafungua bomba la sinki, akajaza, akachanganya paketi moja, akaanza kumnywesha mtoto kwa kijiko. Binti akanywa, akaharisha, akanywa tena. Ilipofika kama saa tatu asubuhi bibi akamwona mama anajaza chupa ya pili bombani akamkamata mkono. Akamuuliza, unamtibu na maji yale yale? Mama aliponihadithia hapa alinyamaza muda mrefu. Bibi akamimina maji ya chupa yake ya chai kwenye sufuria, akayapooza kwa kuliweka sufuria ndani ya beseni, wakachanganya upya.

Saa nne walikua kituo cha afya. Binti macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, alilia bila machozi. Akawekewa dripu, baadae ORS, akapewa na zinki ya siku 10, alilala pale usiku mmoja. Walimpima kipindupindu kwa sababu ni msimu wa mvua na ni mtu wa ziwani, kikatoka hasi. Mdudu gani hasa hakuonekana. Mkubwa na baba walitibiwa wakarudi.

Siku ya 8: nilipofungua mfuniko

Mama akanipigia. Nikaenda na kipimo changu cha klorini, vile vidonge unavyotia kwenye kichupa cha maji, kama klorini ipo maji yanageuka rangi ya waridi, ikizidi rangi inakolea. Maji ya bomba la sinki: meupe vilevile, hakuna kitu. Maji ya kwenye tanki: meupe. Nikapita bomba la mjini njiani kurudi, nikapima kwa kipimo kilekile nisije nikawa na vidonge vibovu: waridi.

Alafu nikafungua mfuniko, nikaingiza mkono, nikapitisha kidole kwenye ukuta wa tanki. Kuna utelezi, ule kama wa jiwe la ziwani au mgongo wa kambale. Nikatoa kidole kina ute wa kahawia umejikunja kama ngozi ya maziwa. Huo ute ni wadudu walioshikamana wakajijengea nyumba, klorini kidogo ikipita juu yao inaishia kwenye tabaka la juu, wa chini hawajui kama kuna dawa. Miezi minne ya joto la Dar na maji kidogo ndani ilitosha kuuotesha, na kujaza na kumwaga mara moja hakuwezi kuutoa.

Mpira nikaukata kwa kisu, ndani ni kijani. Filta nikaifungua, harufu ya bwawa, mkaa umekua tope, na stika ya aliyeuza gari ina tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Nikamwaga kila kitu. Hapa nilifanya kosa, sikuchukua sampuli ya maji kwanza. Chupa moja safi ingeweza kwenda maabara tukajua kama kuna vimelea vya kinyesi kwenye maji yale, mimi haraka ya kusaidia ikanifanya nimwage ushahidi wote kwenye mchanga. Kwaiyo siwezi kuapa kwamba ni maji. Kachumbari na wale sato nao walikua mezani. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu mmoja tu kati ya watano hakugusa maji ya tanki bila kuyachemsha, na ndo huyo mmoja hakuumwa. Kachumbari pia hakula, na kachumbari iliyooshwa na maji ya tanki ni tanki lilelile limepita mlango mwingine.

Kusafisha nilifanya hivi. Nilisugua ndani ya tanki kwa brashi ya mpini mrefu na sabuni ya vyombo mpaka kidole kikawa kinakwaruza plastiki badala ya kuteleza, nikasuuza. Kopo la filta nikaliacha tupu. Nikajaza lita 120 za maji ya bomba na jiki ya kawaida isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, kama mililita 170, inakupa miligramu 50 hivi za klorini kwa kila lita. Soma asilimia kwenye lebo, ikiwa ni 5 basi ni mililita 120. Nikafungua kila bomba, la sinki na la nje, mpaka harufu ya jiki ikatoka kila sehemu, maana bomba usilolifungua ndo linabaki na ute. Ikalala usiku mzima. Asubuhi nikamwaga, nikasuuza mara mbili mpaka harufu ikabaki ya bomba la kawaida. Mpira mpya mweupe wa maji ya kunywa, mfupi, una vifuniko ncha zote mbili na unakaa kwenye mfuko wake, na kile kipande kilichobaki cha mpira wa kijani nikakizungushia utepe mwekundu kikawa cha choo peke yake.

Maamuzi yao, moja moja

Nikikaa nikayapitia maamuzi ya familia hii sioni mtu mzembe. Kila mmoja aliweka kinga yake akaamini kinga ya mwenzie inafunika palipobaki wazi. Mama alitia nusu dozi kwa sababu maji yalikua ya kuogea, ya kunywa yapo kwenye dumu. Baba alizima gesi mapema kwa sababu dawa ipo na filta ipo. Filta yenyewe ndo ilikua mbovu kuliko zote.

Hii ya filta naomba niikalie kidogo maana naikuta kwenye magari mengi sana. Filta ya mkaa kazi yake ni ladha na harufu. Inanyonya klorini, ndo maana maji yakipita pale yanakua matamu. Maana yake hata ile klorini kidogo iliyobaki kwenye tanki, filta iliivua mlangoni, alafu maji yasiyo na ulinzi yakapita kwenye mkaa wa mwaka mzima uliojaa wadudu. Haiuwi kitu. Ukitaka filta inayozuia bakteria tafuta yenye matundu ya maikroni 0.2 au chini ya hapo (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), au ile ya mshumaa wa udongo tuliyozoea ya ndoo mbili, na hata hizo virusi vinapita, kwaiyo klorini au kuchemsha bado unahitaji.

Dozi ya vidonge: kwenye maji yenye tope klorini inaliwa na uchafu kwanza kabla haijawafikia wadudu. Vidonge 3 kwenye lita 120 za maji ya vile ni robo ya kiasi. Alichotakiwa kufanya ni kuyatuliza maji kwanza. Bibi zetu walikua wanatumia shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, tope linakaa chini, unamimina ya juu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ndo unatia dawa unasubiri nusu saa. Harufu kidogo ya klorini baada ya nusu saa ni habari njema, isipokuwepo kabisa rudia dozi. Mtoto akikataa, mimina kwenye jagi pana acha wazi juu umefunika na chandarua chepesi, harufu inapungua.

Kuchemsha: ziwa letu lipo kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ila haijalishi, yakitokota kwelikweli dakika moja inatosha kuua vimelea vya magonjwa. Ukipanda zaidi ya mita 2,000 ndo unaweka dakika tatu. Vile vipovu vya pembeni alivyokua anazimia baba bado sio kutokota. Na kwa gesi, mtokoto wa dakika moja hauli gesi nyingi kuliko ile safari ya kuyapasha, kwaiyo kuzima pale ni kulipa gharama yote alafu unaondoka bila mzigo.

Kitu ambacho kuchemsha hakutibu

Hapa nataka msikilize hasa nyie mnaokuja na magari kutoka mbali, maana ziwa halifanani na mto wa mlimani. Ule ukijani kidogo kwenye simtanki ulinipa wasiwasi kuliko tope. Kwenye ghuba zetu hapa, Ghuba ya Mwanza ikiwemo, kuna mwani wa bluu-kijani, siku za utulivu na joto unakusanyika ufukweni unaonekana kama mtu kamwaga rangi ya ukuta. Baadhi ya mwani huo una sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo haifi kwa moto kwa sababu haiko hai, na ukichemsha au ukitia klorini unapasua zile chembe za mwani sumu iliyokua ndani inatoka kwenye maji. Maji ya namna hiyo usichemshe, usichuje kwa kitambaa, yaache, hata kuoga acha, na mbwa kama unaye mzuie. Bahati ya familia hii mwani ulikua kidogo.

Ni hivyohivyo ukienda Geita, vijito vilivyo chini ya wachimbaji wadogo, wale wanakamatishia dhahabu kwa zebaki, maji yale yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yana zebaki. Na kuna visima virefu Kanda ya Ziwa na Singida huko vyenye madini ya floridi mengi, ukichemsha floridi inabaki maji yanapungua, unazidi kuikoleza. Kwaiyo swali la kwanza ni yametoka wapi, la pili ndo nitayafanyaje. Mlinzi wa ufukwe aliwajibu swali la kwanza kwa ukweli kabisa ndani ya sekunde mbili.

Mimi

Siku ya 1 niliulizwa swali zuri nikajibu nusu. Ningefungua mfuniko, ni skrubu sita tu, ningeuona ule ute, na wangelala siku moja zaidi mjini tanki likiloweka jiki. Sasa hivi gari lolote linaloletwa kwangu, hata kama ni taa ya pampu tu, nauliza limepaki muda gani, maji yaliyobaki yalimwagwa au yalikaa, mpira wa kujazia uko wapi niuone, alafu naingiza kidole. Kuna mteja mwezi uliopita alilalamika kwamba namchelewesha. Nilimwonyesha kidole changu akanyamaza akakaa kwenye stuli.

Yaliyofuata

Siku ya 10 walivuka daraja kwenda Sengerema. Walibadilisha mpango mzima: tanki ni la kuoga na vyombo peke yake, maji ya kunywa yako kwenye madumu mawili ya bluu ya lita 20 yenye kibomba chini, yanajazwa kwenye kioski cha maji ya mjini, kidonge kimoja kila dumu hata kama yametoka bombani. Barafu, mswaki, kachumbari na ORS ni dumu la bluu. Sinki likabandikwa utepe mwekundu kama ule wa mpira wa choo ili binti ajue kwamba hapo hapanywiwi, maana kusoma bado. Bibi hakubadilisha kitu.

Kabla hawajaondoka niliwaambia jambo moja tena, kichocho. Ziwa letu linacho, na mtoto mkubwa alikua majini kila siku. Vile vidudu vinatoka kwa konokono wa pembeni pembeni kwenye majani, vinaingia kwa ngozi, haijalishi umekunywa au hujanywa. Maji ya ziwani yakikaa kwenye tanki lililofunikwa siku mbili bila kuongezwa mapya vinakufa, hivyo kuoga na ya simtanki iliyotulia ni afadhali kuliko kuingia ziwani kwenye majani. Pale ufukweni simtanki ilikua inajazwa kila asubuhi, kwaiyo hata hiyo nafuu hawakuipata. Nikawashauri wote wapime baada ya wiki 6 mpaka 8, kupima mapema zaidi mayai huwa hayajaanza kuonekana chooni.

Mama alinipigia Februari. Wamepima wote Dar. Mtoto mkubwa alikutwa na mayai ya kichocho cha tumbo, akapimwa uzito akapewa dawa ya kichocho, prazikwanteli, atarudi kuhakikiwa. Wengine wanne hawakuonekana na kitu. Akaniuliza binti arudie kupima? Nikamwambia mimi fundi tu mama, hilo muulize daktari, ila kwa kuwa aliogeshwa na maji ya simtanki ile mwambie daktari hivyohivyo, siku ngapi na maji ya wapi, maana asipoambiwa ataangalia karatasi moja tu. Akasema ameshaandika kwenye daftari la gari: tarehe, mahali, chanzo cha maji, dozi. Nikamwomba anitumie picha ya ukurasa ule, na sasa nawachorea wateja wangu ukurasa kama ule ndani ya mlango wa kabati la sinki, kwa kalamu isiyofutika.